Imani na Mstari wa Asubuhi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu, wazee wangu wa Kimamba, shikamooni. Ndugu wazazi na wanafunzi, habari za mchana.

Mimi ni Agatha, binti wa Sesilia muuza maandazi wa stesheni. Mmenialika kutoka chuo kikuu nifungue maabara hii, na watoto wameniuliza: dokta, huko unatibu nini? Sitibu. Natazama kwa hadubini seli za ngozi zikiwa hai.

Jua likituchoma huharibu DNA, yale maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli. Protini za kuitengeneza tumezifanya zing'ae kijani, tuzione zikiwa kazini. Nikiichoma seli yangu kwa mwanga, protini hizo hukimbilia jeraha, hukusanyika, hutengeneza, kisha hutawanyika. Jamani, hadi leo nikiona hivyo machozi hunitoka. Kwa nini? Kwa sababu nimetazama pia seli za mdogo wangu Imani, na jeraha lilibaki vilevile. Hakuna kilichokuja.

Wengi mlimfahamu mdogo wetu mwingine, marehemu Lukasi. Siku ya kumtoa nje akiwa mchanga, jua lilimgusa tu, uso wake ulivimba kabla pilau haijapakuliwa. Mkasema karogwa. Tulimzika akiwa mwanafunzi wa darasa la tatu, ngozi imeliwa na saratani. Hakurogwa, wazee wangu. Ni ugonjwa huuhuu wa Imani: jua likiwachoma, seli zao haziwezi kujitengeneza.

Sasa Imani kafaulu kuingia kidato cha kwanza hapahapa, na amerudishwa nyumbani. Eti asiyesimama juani mstarini asubuhi, asiyelima shamba la shule, si mwanafunzi. Hivi mstari ukipangwa ukumbini, wimbo wa taifa utagoma kuimbika? Nasema kwa uchungu, mnisamehe. Maabara mmeijenga kwa matofali mliyofyatua wenyewe, halafu mtoto anayeihitaji kuliko wote mnamfungia mlango?

Yumo ndani ya gari lile lenye mapazia, alilotuazima mwekezaji wa mkonge. Kavaa koti la mitumba na glavu, joto lote hili. Mmenipa mkasi, na utepe umefungwa nje, juani. Naomba ufungwe ndani, akate yeye. Lakini kwanza, Mwalimu Mkuu, nijibu mbele ya watu hawa: akate kama mgeni, au kama mwanafunzi wako?

Asante, Mwalimu. Kwa ambao hamkusikia huko nyuma, amesema: "Mwanafunzi. Na kesho mstari ni ukumbini."

Mama, usilie, kamfungulie mlango wa gari. Nanyi nyote mlionisikiliza, nawashukuru sana. Sasa tupisheni njia ya kivulini, mwanafunzi apite.