Miaka Saba ya Dokta Yeshimebet Agonafir

Ndugu waombolezaji, ninyi mliotoka Debre Birhan na ninyi wageni mliovuka bahari, poleni na safari. Mimi ni Zerihun, mdogo wake marehemu.

Dokta Yeshimebet alizaliwa tarehe 12 mwezi wa Hidar 1960, kwa kalenda yetu kama miaka yote nitakayotaja, nje kidogo ya Debre Birhan, kifungua mimba wa wazazi wetu, Ato Agonafir na Weizero Alganesh. Asubuhi za kwetu ukungu hulala juu ya shayiri, na ndani ya ukungu huo, akiwa bado sekondari, alimwona mama yetu akitembea kama mtu anayevuka mto, mikono ikitafuta pa kushika. Majirani walicheka kwamba mama amelewa tela, pombe yetu ya shayiri. Yeshi aliwajibu, "Mama hanywi. Ardhi ndiyo haitulii chini yake." Nadhani maisha yake yote hakutoka kabisa katika ukungu ule.

Alimaliza sekondari mwaka 1978, akasomea udaktari Addis Ababa, kisha Ujerumani, alikojifunza kuchambua vinasaba vya ubongo kwa kompyuta. Alirejea mwaka 1993 na masanduku mawili. Moja lilikuwa la vitabu, jingine limejaa soksi za sufu za baba, kwa baridi ya kwetu.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuwafundisha watafiti kutoka Gondar, Jimma na Mekelle kutumia zana za takwimu kutafuta chanzo cha maradhi ya ubongo yanayorithiwa. Kabla ya kugusa kompyuta, kila mwanafunzi alipewa sinia la kahawa mbichi achambue. "Usipoiona punje mbovu kwenye sinia," alisema, "huku kwenye kioo cha kompyuta utaionea wapi?" Kisha kahawa ile ile ikakaangwa na kunywewa raundi tatu, hadi ile ya mwisho, ya baraka.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Ato Melkamu, mwalimu wa jiografia. Kabla ya kukubali alimweleza ugonjwa wa mama, na kwamba huenda naye anao. Melkamu akajibu, "Mimi nakoroma. Basi tumeshaambiana yote." Walijaliwa binti mmoja, Rediet.

Mwaka 2002, darasani, kijana Tigabu wa Gondar, akichambua takwimu za familia moja, alishangilia: "Mwalimu, hii familia ina bahati! Ugonjwa unawaanza wakishagonga hamsini!"

Majina hayakuwemo, lakini dada alimtambua mama yetu. Dada mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka arobaini na miwili.

"Kijana, miaka ya kuzaliwa umeitoa wapi?"

"Kwa wenyewe, Mwalimu."

"Kalenda yetu, basi. Na miaka ya kuugua?"

"Kwenye faili za wafadhili." Faili hizo hufuata kalenda ya Wazungu. Kalenda yetu iko nyuma ya ile ya Wazungu kwa miaka saba na ushei.

"Umewakopesha watu miaka saba usiyokuwa nayo," akamwambia. "Kunywa baraka yako kwanza, halafu urudie."

Hesabu ilirudiwa. Ugonjwa ulikuwa unaanza kwenye arobaini na tatu. Jioni aliniambia, "Leo nimetunyang'anya miaka saba, mimi na wewe." Nilikasirika. "Si ungeacha tu, dada! Nani angejua?" Akasema, "Dawa itakayotafutwa kwa umri wa uongo itamkuta mtu ameshaanguka. Rediet naye umemsahau?"

Mwaka 2004 vikombe vilianza kumcheza mkononi. Aliendelea kufundisha, wengine wakimmiminia kahawa. Miaka ya mwisho alikaa barazani akitusimulia ndoto moja tu: mama anakatiza shambani, amenyooka, na shayiri haitikisiki. Alituaga tarehe 9 Tahsas 2016, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Melkamu.

Ameacha mume, binti, mimi ndugu yake, na wanafunzi waliojaa uwanja huu.

Sasa tazameni jalada la kijitabu mlichoshika. Kwa ajili ya wageni, mpiga chapa aliweka mwaka wa kifo wa Kizungu, 2023, akatoa humo ule wa kuzaliwa wa kwetu, 1960, akapata miaka sitini na mitatu. Tuliliona kosa asubuhi hii. Nikasema, liacheni, mwacheni awe nayo japo kwenye karatasi. Rediet akanitazama kwa macho ya mama yake, akasema, "Mjomba, toa kalamu."

Basi nawaombeni, mwenye kalamu amwazime jirani. Andikeni hamsini na sita. Ndiyo aliyoishi, na yote ilikuwa yake.

Pumzika kwa amani, dada. Tumesahihisha.