Marehemu Ardis Tveten na Damu Isiyogombana

Ndugu waombolezaji, Mchungaji ameniomba niusome wasifu huu kwa upole. Nitausoma kwa sauti. Upole atauleta yeye kwenye sala. Mimi ni Orlin, pacha wa marehemu. Desturi inataka msomaji asijitaje, lakini kumsimulia Ardis bila kunitaja mimi hakuwezekani, na tukifika mwisho mtaona kwa nini. Mlangoni mmepewa pia karatasi ya pili, ile inayong'aa, iliyoletwa na watu wa chuo kikuu pamoja na shada lao kubwa kama gurudumu la trekta. Imeandikwa humo kwamba dada yangu "aliishinda saratani". Mtu aliyeishinda saratani hachimbiwi kaburi. Katika maisha yake walimzushia mambo mawili: kwamba ni tasa, na kwamba alipona. Siko tayari kuona uongo huo unafukiwa pamoja naye kana kwamba ni mali yake.

Ardis Marie Tveten alizaliwa tarehe 11 Februari 1951, nyumbani, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Selmer na Inga Tveten hapa Nordal, Wisconsin. Theluji ilikuwa imefunga barabara, kwa hiyo mama alizalishwa na jirani, Bibi Olga, mwanamke aliyejua mambo yote isipokuwa yale yaliyomhusu. Ardis alikuwa kurwa, mimi doto. Olga alitutazama, akatikisa kichwa. "Pole, Inga. Wa kike na wa kiume tumbo moja? Huyu binti hatazaa." Wafugaji mliopo mnalijua alilolisema. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa, kwa kuwa damu zao huchanganyika wakiwa tumboni. Mama yetu, akiwa bado kitandani, alimjibu, "Olga, umekuja kunizalisha au umekuja mnadani?" Lakini neno likishatoka kwa Olga lilikuwa limeshafika kanisani.

Alisoma shule ya msingi hapa Nordal, kisha sekondari, akamaliza mwaka 1969 akiwa wa kwanza darasani, jambo lililowauma wengi ambao leo wamekuja kulia. Alipokuwa na miaka tisa, ng'ombe wetu alizaa mapacha, dume na jike. Baba akaita lori la mchinjaji limchukue yule mtamba. Ardis akasimama mbele ya mlango wa lori.

"Nani amempima?" akauliza.

"Huyo hapimwi, mwanangu. Anajulikana tu," baba akasema.

"Anajulikana na nani?"

Mchinjaji alikuwa na haraka, basi mtamba akabaki. Alikula nyasi zetu kavu misimu miwili na hakushika mimba hata mara moja. Baba alimcheka Ardis mezani mpaka machozi yakamtoka. Yeye akaendelea kupaka siagi mkate wake. "Sasa tunajua," akasema. "Zamani mlikuwa mnadhani." Katika maisha yangu sijaona mtu aliyeshindwa kwa heshima namna ile.

Alihitimu udaktari wa mifugo mwaka 1976, akaendelea na utafiti hukohuko chuoni hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa seli za kinga, yaani askari wa damu wanaotambua nani wa kwetu na nani mgeni. Kwa ndama mapacha askari hao hufundwa tangu tumboni kuiheshimu damu ya mwenzao, na hata wakikua hawaishambulii. Kwa ndama hao alipata mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha damu kinachomwambia mfugaji mapema kama mtamba wa namna hiyo atazaa au hatazaa, kwa sababu wachache wao huzaa, na wachache hao walikuwa wakichinjwa bure. La pili ni njia ya kukadiria kama uboho wa mtu fulani, ukipandikizwa kwa mgonjwa wa saratani ya damu, utapigana na saratani hiyo au utalala usingizi. Hili la pili mabwana wa hospitali walilipenda, wakaja kupiga naye picha. Lile la kwanza walilicheka. Kwao ng'ombe ni mzaha mpaka waone njaa.

Krismasi ya mwaka 1979 alikuja nyumbani na sindano. Alihitaji mapacha wa kibinadamu wa kulinganisha na ndama wake, basi akatutoa damu mimi na yeye mezani jikoni, pembeni ya sahani ya lefse, ile mikate myembamba ya viazi, huku mama akilalamika kwamba tutachafua kitambaa. Januari akanipigia simu.

"Orlin, umekaa?"

"Nakamua."

"Basi umekaa. Seli moja katika kila kumi za damu yako ni yangu. Na zako zimo ndani yangu. Tuko kama ndama wa baba."

"Usiniambie Olga alisema kweli!"

"Wee! Kwa binadamu haigusi uzazi hata kidogo. Nimejipima mwenyewe, niko mzima. Olga alikuwa mjinga tu."

Sasa ndoa. Tarehe 18 Juni 1977, katika kanisa hilihili, Ardis alifunga ndoa na Lyle Vandehey. Lyle yupo, safu ya nne, na tai yake ni nzuri. Familia ya Vandehey huuza mbegu za fahali, na ni waangalifu katika biashara yao, hilo siwanyimi. Hakuna fahali aliyetoka kwao bila mbegu zake kutazamwa kwenye hadubini kwanza. Mtoto alipokosekana, mama yake Lyle alikata nyama ya nguruwe mezani Jumapili moja na kusema mbele yetu sote, "Mtamba aliyelala tumbo moja na dume, mmewahi kumwona akizaa?"

Ardis akamwambia, "Mama, mimi nimeshapimwa. Lyle naye apimwe."

Lyle alisimama na kitambaa cha shingoni bado kimemning'inia. "Mimi? Mimi si fahali!"

"Hilo, bwana, hakuna aliyebisha," nikamwambia, na hatukualikwa tena.

Mkuki kwa nguruwe. Mtu alipima kila dume la wilaya nzima, yeye mwenyewe akaogopa kikombe kidogo. Ndoa ilivunjwa mwaka 1984 kwa sababu kwamba mke ni tasa, na Lyle akaoa tena kwa haraka ya kuonyesha dunia. Miaka thelathini na zaidi imepita. Bwana na Bibi Vandehey wana mbwa wawili.

Ugonjwa ulianza Machi 2017. Alichoka, akachubuka bila kugongwa, na kwa kuwa alijua damu, aliyajua majibu kabla ya kupewa. Ilikuwa saratani ya damu. Daktari wake alikuwa Dk. Kendall Strand, mkuu wa wodi ya kupandikiza uboho, mwanafunzi wake wa zamani. Ardis alimfundisha kushika sindano, na hilo tu ndilo alilolishika. Niseme tiba yenyewe kwa ufupi: madaktari huua uboho wa mgonjwa, kisha humpa wa mtu mwingine. Seli mpya zikiingia huona mwili si wao, zikawa na chuki, na chuki hiyo ikiwa ya kiasi hula mabaki ya saratani. Ikizidi humla na mgonjwa. Nilikuwepo chumbani siku walipoamua, nimeshika kofia yangu.

"Nataka uboho wa mgeni," Ardis alisema. "Yupo kijana ng'ambo, damu yake inafaa, na ameshakubali."

"Profesa, mgeni anaweza kukugeuka," Strand akasema. "Wa kaka yako utaingia bila hodi. Mwili wako hautajua hata kama umeingia."

"Huo ndio ubaya wake, Strand. Nilikufundisha nini miaka yote ile?"

"Lakini pacha waliochanganya damu tangu tumboni! Hakuna aliyewahi kulifanya hili."

"Kwani unataka kunitibu, au unataka kuniandika?"

Strand alitabasamu, kama madaktari wakubwa wanavyotabasamu. Akasema kwa mapafu yake yaliyochoka na umri ule wodi yake haitampa uboho wa mgeni, na wodi nyingine ziko mbali, na ugonjwa hausubiri. Nilimwambia kwamba hata fundi wa trekta humsikiliza aliyeliunda. Akanigonga begani. Mwezi Juni wakanitoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho wangu, wakampa dada yangu.

Mambo yakawa kama Strand alivyosema, na kama Ardis alivyosema pia. Hakupata homa wala vipele, na mwili haukukataa kitu. Kabla ya majira ya kuchipua Strand alikuwa ameshachapisha makala kwenye jarida kubwa, na neno "mafanikio" limo kwenye kichwa chake. Alizunguka nayo miji mingi, akalala hoteli nzuri. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Damu yangu ilimjua Ardis tangu tumboni, nayo haikumla, haikumgusa, haikumkemea. Na saratani ilikuwa sehemu ya Ardis, basi nayo haikuiuliza kitu. Julai 2018 ikarudi. Yule kijana wa ng'ambo alipigiwa simu akakubali mara ya pili, Mungu ambariki, lakini sasa mapafu yalikuwa yamekwisha kweli. Makala haijarekebishwa hadi leo, na karatasi mliyoishika mkononi imenakiliwa kutoka humo.

Oktoba alikaa kwangu, kwenye kiti cha dirishani kinachotazama zizi. Mchana mmoja nilimletea supu.

"Orlin, umegombana na bodi ya shule," akasema.

"Ndiyo."

"Na kiwanda cha jibini. Na wachungaji watatu."

"Wanne. Huyu wa sasa humjui vizuri."

"Maisha yako yote umekuwa mkorofi. Nimekuhitaji ugombane mara moja tu, ukakaa kimya kama kondoo."

Tulicheka mpaka supu ikamwagika. Kisha mimi nikashindwa kucheka, nikatazama zizi. Akanishika mkono. "Acha bwana," akasema. "Nilijua. Humu ndani ya damu yangu hujawahi kunisema vibaya hata siku moja. Nani mwingine hapa Nordal ningemwambia hivyo?"

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Novemba 2018, alasiri, kwenye kiti hichohicho, wakati wa kukamua. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nalisema hapa kwa sababu sikulisema mahali pengine.

Ameacha pacha wake, Orlin. Wifi yake, Jolene. Na mabinti wa kaka yake, Kirsten na Berit, ambao shangazi yao aliwafundisha kuuliza nani amepima. Baada ya maziko kuna mikate ya nyama na kahawa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Dk. Strand na wenzake wanakaribishwa, kahawa haichagui mtu.

Kuna mmoja hajatajwa. Jumanne iliyopita nilikwenda kwa daktari wa mjini nikapimwa damu, kwa sababu Ardis asingenisamehe kusimama hapa na kusema jambo ambalo halijapimwa. Zile seli zake bado zimo ndani yangu, moja katika kila kumi kama zamani, nzima, hazina saratani. Hazijakaa tu. Zinazaliana usiku na mchana, nami nitakwenda nazo kukamua jioni hii. Lyle, mama yako hayupo tena kuambiwa, basi nakuambia wewe: anazaa.

Lala, dada yangu. Kwangu ulipata amani kupita kiasi, na ndiyo iliyokuua. Uliko sasa upate nyingine, isiyo na madhara. Ugomvi niachie mimi.