Mama Shwari na Mkokoteni wa Vyuma

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mama Shwari anastaafu. Jina hilo alipewa na marubani, kwa kuwa siku nyingi taarifa yake ya hali ya jua na sumaku ya dunia iliishia kwa neno hilo moja: shwari. Yeye mwenyewe si mtu wa shwari hata kidogo. Muulize yeyote aliyewahi kuchelewa zamu.

Alianza kwa kuchora madoa ya jua kwa penseli, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa utabiri. Kila asubuhi hukagua picha za jua, kisha huwaambia watu wa ndege na wa umeme kama redio zitakoroma au mitambo itasumbuka. Na kabla ya chai, utabiri wa jana husomwa mbele ya wote. Aliyeutoa husimama na kusema amepata au amekosa. Visingizio Mama hapokei. Wengi wetu tumekosa, na chai tumekunywa vilevile.

Desturi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mwaka fulani bodi ilikuwa karibu kukifunga kitengo chetu, eti hakuna anayetusoma. Siku moja kabla ya kikao, kipimo cha sumaku kwenye kibanda cha uani kikaruka ghafla. Mama akatoa tahadhari ya dhoruba. Ndege zikabadilishiwa njia, mafundi wa umeme wakaahirisha matengenezo, na dhoruba haikuja. Alipokwenda uani kuangalia, akakuta mkokoteni umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda, umesheheni nondo. Mumewe, shemeji yetu fundi wa kuchomelea, aliuacha pale alipomletea chakula, akaenda zake kufunga geti mtaa wa pili. Chuma chote hicho, kando ya kipimo kinachoshtuka hata kwa funguo za mfukoni!

Angeweza kusema jua limeghairi. Nani angebisha? Sisi tulimsihi afanye hivyo, maana ajira zetu zilikuwa hatarini na tuliogopa kweli. Akakataa. Aliingia kikaoni, akasimama kama asubuhi zote, akasema amekosa, akataja na mwenye mkokoteni. Wajumbe walicheka hadi wakavua miwani. Kisha mwakilishi wa marubani akasema kwamba watu wanaojianika hivi, wakisema dhoruba, yeye atawaamini. Kitengo kikabaki.

Shemeji yetu naye aliamriwa ajenge uzio kuzunguka kibanda, wa mbao tupu, bila msumari hata mmoja. Ilibidi ampigie magoti seremala wa jirani, mtani wake, na mpaka leo hajaacha kusimangwa. Dhoruba ya kweli ilipokuja baadaye, Mama alitoa tahadhari na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Umeme haukukatika.

Shemeji yumo ukumbini leo. Nasikia funguo zake ameziacha langoni, kwa mazoea.

Ahsante, Mama, kwa kutufundisha kukosa bila kujificha. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele na usingizi wa asubuhi. Utabiri wako wa mwisho ni wa kesho, na umeandika shwari. Keshokutwa tutausoma kabla ya chai, kama kawaida. Wewe hutakuwepo kusimama, kwa hiyo tutasimama sote.