Venant Nizigiyimana, Aliyeonja Asimeze

Mchungaji na padri mliokubali kusimama pamoja leo, wazee wa Runingu mlioshuka na wazee wa Kalundu mliotupokea, ndugu, majirani na wafanyakazi wa bandari, kabla ya kutaja siku aliyozaliwa marehemu, familia inaomba ianze na jambo ambalo haijalielewa hadi leo, kwa sababu kila mmoja wenu analijua nusu, na nusu inayonong'onwa pembeni ya msiba huelemea kuliko nzima inayosomwa mbele ya watu. Jumapili, tarehe 23 Agosti 1964, marehemu alipewa kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika ua wa mama Pudentienne huko Runingu, akaionja, akaitema chini mbele ya watu wenye silaha, na kwa kutema huko mama yule aliuawa. Alipokwisha kutema, kibuyu kilikuwa bado mkononi mwake, kimejaa, na funda moja tu lingemwokoa mama. Kwa nini hakumeza, tumemwuliza kwa miaka kumi na minne, naye alijibu mara tatu, kila mara jibu jingine.

Marehemu Venant Nizigiyimana alizaliwa Runingu tarehe 18 Mei 1938, mtoto wa tatu wa mzee Nkeshimana, mkulima wa pamba na mihogo, na mtoto wake wa pekee wa kiume. Mama yake aliugua mara baada ya kujifungua, na jirani yao, mama Pudentienne, aliyekuwa na mtoto mchanga aitwaye Donatien, alimnyonyesha Venant miezi saba pamoja na wa kwake, kwa hiyo marehemu alikua akiwa na mama wawili na ua mmoja, maana uzio uliotenganisha nyumba hizo mbili ulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kuliziba.

Alianza shule Runingu mwaka 1945, akaendelea Uvira, akamaliza sekondari Bukavu mwezi wa Julai 1957, kisha akaajiriwa kuwa karani katika kituo cha pamba cha bonde la Ruzizi. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, mtaalamu wa kilimo Mbelgiji aliyekuwa akifunga masanduku yake aliwamiminia makarani mvinyo wa zabibu, wenzake wakasema ni mchungu, wakaomba bia, naye marehemu akabaki amekishika kikombe hadi jioni. Mwaka uliofuata, walipotafutwa vijana wa kwenda kusoma ng'ambo, alijiandikisha pamoja na rafiki yake Basile wa hapa Kalundu, wakapata burse ya masomo, na tarehe 9 Oktoba 1961 wakapanda meli kwenda Kigoma, wakapita Dar es Salaam na Kairo, wakafika Rumania wakati theluji ya kwanza inaanguka.

Walisoma lugha mwaka mmoja, kisha kilimo katika mji wa Iasi, na huko ndiko marehemu alikopata furaha ambayo, tukisema kweli, hakuipata tena. Mwalimu wao, mzee Costache, alikuwa na kikundi cha wapenda mvinyo, Warumania wanne, Mguinea mmoja na hawa wawili wa kwetu, na katika mavuno ya mwaka 1963 aliwapakia kwenye lori wakazunguka mashamba ya mizabibu, Cotnari, Odobesti, hadi Murfatlar karibu na bahari, wakishuka katika mapango ya mapipa, wakionja. Hawakutafuta mizabibu iliyoletwa kutoka Ufaransa, walitafuta ile ya asili, iliyopandwa na babu wa babu zao, mmoja unaitwa wa kisichana, mwingine wa kibibi, na marehemu alikuwa akisema kwamba ule wa kibibi ulimfanya alie, bila kujua kwa nini. Kwa siku moja waliweza kuonja mivinyo thelathini, kwa hiyo kwenye kila meza palikuwa na ndoo ya bati, na sheria ya mzee Costache ilikuwa moja, zungusha, nusa, shika mdomoni, kisha tema, kwa sababu anayemeza husahau. Basile, ambaye yuko hapa, anakiri kwamba yeye alikuwa akimeza kwa siri. Marehemu hakumeza.

Aliposikia kwamba waasi wameitwaa Uvira, aliacha masomo ikiwa imebaki mwaka mmoja apate diploma, akavuka mpaka wa Kavimvira tarehe 4 Julai 1964 pamoja na Basile, na wakubwa wa uasi, kwa kuwa alitoka nchi ya kijamaa, wakampa biro, yaani ofisi, ya kilimo, bila mbegu na bila gari. Wengine wanasema alikuwa mwasi, wengine wanasema alikuwa mtu aliyerudi kumwona mama yake akakuta kiti kinamngoja, nasi hatumhukumu, maana mwaka ule wengi wetu tulivaa majani ya waasi tuliyovuliwa baadaye. Alichofanya na biro ile ni hiki, alichukua daftari, akamchukua Basile, wakaanza kuzunguka bonde kwa miguu, Kiliba, Sange, Luberizi, nyumba kwa nyumba za wapishi wa kasiksi, wakiandika kila mama ana ndizi ya aina gani, anachanganya mtama kiasi gani, anafukia mtungi siku ngapi, kwa maana alitaka siku moja watu wa mbali waje kuonja vya kwetu, kama yeye alivyokwenda kuonja vya kwao.

Na kila mahali alitema. Kwetu mnajua, mwenye pombe hunywa kwanza, mgeni aone hakuna sumu, na mgeni hujibu kwa kumeza. Basile alimwonya njiani, "Kaka, huku muntu akitema, anamwita mwenye nyumba mulozi." Marehemu akamjibu, "Watazoea." Kwa mama Pudentienne habari zilikuwa zimefika kabla yao, naye alimpokea kwa mzaha mbele ya wanawake wengine, "Walikupeleka mbali vile kujifunza kutema? Mutoto iko bado kwa titi anajua kutema, na hakupewa burse." Watu wakacheka, marehemu naye akacheka. "Kwangu utameza," mama akasema, akamjibu, "Kwako nitameza, mama," na siku ile ya Julai alimeza vibuyu viwili. Ndiyo sababu jambo la Agosti linatushinda zaidi.

Tarehe 23 Agosti, wapiganaji walioshindwa Bukavu walikuwa wakirudi kupitia bondeni, dawa yao ya kugeuza risasi kuwa maji imewaangusha, na walitafuta nani ameiharibu. Kumi na wawili waliingia uani, wakawakuta marehemu na Basile wameketi na daftari, wakaomba pombe. Mama Pudentienne akachota, akanywa kwanza kama ipasavyo, kisha akampa marehemu, mwanawe wa maziwa na msomi wa ugenini, awatangulie wageni. Marehemu akakizungusha kibuyu, akanusa, akashika mdomoni kwa muda, akageuza shingo, akatema.

"Weye musomi, mbona unatema?" mkubwa wao akauliza.

Mama Pudentienne ndiye aliyejibu, bado anatabasamu, "Iko vile huyu, alijifunza kwa Wazungu. Mumuache."

"Sikukuuliza weye, mama. Namuuliza yeye."

Basile anasema palipita muda wa kutosha kusali Baba Yetu hadi katikati, kibuyu mkononi, macho ya marehemu yakitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Basile akapaza sauti, "Shefu, ni desturi ya kule, minye pia nilikuwa huko," akanyoosha mkono akichukue kibuyu anywe yeye, akapigwa kitako cha bunduki, meno mawili yakatoka. Wakamchukua mama wakaelekea mtoni, zikasikika risasi mbili, na njia ile ikafungwa siku tatu, na ilipofunguliwa mwili haukuonekana wala haujaonekana mpaka leo. Baada ya risasi ya pili marehemu alipiga magoti kwenye mtungi, akanywa, akatapika, akanywa tena hadi mtungi ukaisha, mbele ya majirani waliokuwa wakimtazama kwa kuchukia na kwa kuogopa. Hakufa, hata tumbo halikumuuma.

Donatien alikuwa Luvungi, akarudi siku ya pili, akaziba pengo la uzio kwa miba, akasema, "Venant asikanyage Runingu mpaka aniambie kwa nini." Neno hilo moja lilitawala maisha yote ya marehemu yaliyobaki.

Jeshi la serikali liliporudi mwaka 1965 marehemu alikamatwa kwa kosa la kusoma kwa wakomunisti, akafungwa miezi mitano, akaachiwa tarehe 11 Machi 1966, na wafungwa wenzake wanasema alikuwa wa pekee aliyeona kifungo chake kimekuwa kifupi. Tarehe 2 Mei mwaka huo aliajiriwa bandari ya Kalundu, hapa Uvira, kuwa karani wa mizigo, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili bila kuchelewa. Tarehe 17 Desemba 1966 alimwoa Anne Nyirabagenzi, binti wa wafugaji wa milimani, katika kanisa la Kiprotestanti, na wale waliomcheka kwamba Mkatoliki ameacha dini kwa ajili ya maziwa hawakuelewa kwamba alikuwa akitafuta nyumba ambamo pombe ni mwiko na hakuna atakayempa kibuyu. Walijaliwa watoto watatu, Bisengimana, aliyezaliwa mwaka 1967, Murekatete, mwaka 1970, na Ezechiel, mwaka 1973, aliyefariki kwa surua kabla ya kutimiza mwaka.

Jibu la kwanza alilituma kwa Donatien kwa mkono wa Basile mwaka 1967, pamoja na ng'ombe, kwamba yalikuwa mazoea, mdomo ulitenda kabla yake. Donatien akamrudisha ng'ombe. "Mudomo ulitema, sawa," akasema. "Na mukono? Mukono ulikuwa na kibuyu, ulingoja nini?"

La pili alilipeleka mwenyewe mwaka 1970, akasimama barabarani, nje ya Runingu, akasema alishikwa na hofu, aliona akinywa watasema ni mshirika, wawaue wote wawili. Donatien akamsikiliza hadi mwisho. "Hofu naijua, minye pia niko nayo. Lakini kwanza ulisema mazoea. Nichukue ya mwaka gani?" Miaka miwili baadaye mama mzazi wa marehemu alifariki, akazikwa Runingu, na mwanawe wa kiume alisikia nyimbo za maziko akiwa amesimama barabarani palepale, kofia mkononi.

La tatu lilikuwa barua, ya mwaka 1975. Aliandika kwamba kasiksi ya siku ile ilikuwa na ladha ambayo hakuwahi kuikuta Runingu wala Rumania, na kwamba mkubwa yule alipouliza, yeye alikuwa bado anatafuta jina lake, na alipolipata, walikuwa wamekwisha kutoka. Donatien alisomewa barua hiyo mara mbili na binti yake, akaikunja, na tangu siku ile hakulitaja tena jina la marehemu.

Sisi hatujui. Huenda yote matatu ni kweli, maana ndani ya mtu mmoja mazoea, hofu na uroho wa ulimi vinaweza kukaa dakika moja bila kusukumana. Huenda hakuna la kweli. Mama Anne alimwuliza mara ya mwisho mwezi wa Januari mwaka huu, naye akamjibu, "Niulize mvinyo wowote niliouonja, nitakutajia kilima chake na mwaka wake. Hilo sijui, Anne. Nilimpa Donatien nilichoweza kutengeneza."

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 1977, akaacha kazi Septemba 1978, akalazwa mara tatu, na alifariki nyumbani kwake Kalundu siku ya Jumanne, tarehe 6 Machi 1979, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini, mkewe amemshika mkono. Ombi lake lilikuwa moja, azikwe Runingu, kando ya mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani wa Kalundu waliopika na kukesha, wakubwa na wafanyakazi wa bandari waliotoa jeneza na lori, na Basile, aliyetembea na marehemu katika kila shamba na kila ua, akabeba maneno yake kwenda na kurudi, na hakuomba kupumzishwa.

Mwisho, familia inatangaza kilichoamuliwa. Jana, Alhamisi, wazee wa nyumba mbili walikutana Runingu kuhusu ombi la marehemu, Basile akalieleza, na Donatien akajibu akiwa amesimama, "Mama yangu hana kaburi Runingu. Na yeye hatakuwa nalo." Mama Anne mwenyewe akasema ni haki, wazee wakakubali kwamba Venant Nizigiyimana azikwe hapa Uvira. Leo alfajiri vijana wa bandari walipofika makaburini na majembe walimkuta Donatien ametangulia, ametembea kutoka Runingu, udongo umemfika magotini. Walitaka kumpokea. "Muache," akawaambia, "hii nachimba minye." Alichimba peke yake hadi saa tatu, akasawazisha kingo, akalifuta jembe lake kwa majani, na ndiye yule amesimama nyuma ya lori.

Venant, hapa ndipo ulipochimbiwa. Lala hapa, na amani ambayo hukuipata juu ya udongo, uipate chini yake.