Nyumba ya Vyumba Saba ya Eustaki Kelestini

Ndugu waombolezaji, familia imeniagiza niwasomee maisha ya marehemu Eustaki Kelestini, na mkewe, Mama Eufrasia, ameomba tusimpambe.

Marehemu alizaliwa Idete tarehe 4 Machi 1909, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kelestini, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza useremala, na tarehe 12 Juni 1934 akafunga ndoa na Eufrasia, wakajaliwa watoto watatu, Pantaleo, Balbina na Rosa.

Mwaka 1952 mdogo wake, Dionisi, alijenga hapa Ifakara nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, makarani na wafanyabiashara wa mpunga wakavigombea, na marehemu, aliyemfundisha Dionisi huyohuyo kushika msumeno, alisimama barabarani akitazama vitanda vya wapangaji vikiingizwa mpaka cha mwisho. Aliuza shamba lao la Idete bila kumshauri mkewe, akapata kiwanja kinachotazamana na cha mdogo wake, akajenga vyumba saba, akiharakisha msingi ili awahi wageni wa mavuno, na kila aliyeisifia nyumba aliulizwa kama inaipita ile ya ng'ambo.

Masika ya 1954 ukuta wa nyuma ulianguka, hakuumia mtu, ila wapangaji walihamia kwa Dionisi, na shamba halikuwepo tena la kulisha watoto. Dionisi alikuja na fundi, akamwambia, "Kaka, nimewapokea kwa muda tu, tuujenge upya, watarudi." Wapangaji walirudi kweli, ukuta ukiwa umejengwa upya, safari hii juu ya msingi wa matofali ya kuchoma, lakini marehemu alimwambia mkewe kwamba wema ule ulimuuma kuliko ukuta, na tangu hapo hakukanyaga kwa mdogo wake.

Mwezi Septemba 1958 aliugua ini, akalazwa, na jioni ya tarehe 2 Desemba alimwita Dionisi, akamuuliza, "Bati lako linavuja?"

Dionisi akajibu, "Linavuja, kaka, kila chumba."

Marehemu alicheka kidogo, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka alipofariki alfajiri ya tarehe 3.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliomuuguza, majirani, mafundi wenzake wa karakana ya misheni, na Dionisi, aliyewalaza wageni wetu wa Mchombe vyumbani mwake, wakaamka wakavu licha ya mvua yote ya jana.

Pumzika sasa, Eustaki, pumzika kwa amani.