Tupokigwe, Aliyembeba Baba Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlioko Mbeya mjini, mlioko Tukuyu, mlioko Iringa, na nyinyi wa Chimala mnaosikiliza huku mnapepeta mpunga, naomba ungo upumzike kidogo. Leo sina salamu za kusoma. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Jina lake ni Tupokigwe, mke wa Fanueli. Amefariki dunia Jumatano, tarehe tisa ya mwezi huu wa Septemba 1959, nyumbani kwake Kihesa, Iringa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Ameacha mume, na ameacha binti wa miaka sita, Damari.

Wengi wenu mnamjua. Mnamjua kwa wimbo. Ule wimbo wa akina mama wa Rungwe, "Mgongo wa Tupokigwe umemtoa mzee motoni," ni yeye huyo. Tumeupiga hapa hata santuri imeanza kukwaruza. Lakini wimbo haukuwa maisha yake yote, wasikilizaji wapendwa, na mimi Crispin ninayewasomea habari hizi nina jambo la kuungama. Nitalifikia. Msinikimbize.

Tupokigwe alizaliwa milimani Rungwe, kule ambako nguo ukiianika Jumatatu unaianua Alhamisi, na bado mbichi. Dada yake, Lusia, ameniambia hivi: "Tupo alikuwa na kicheko kikubwa mno. Mama alikuwa anamtuma mtoni, sisi tunasikia kicheko huku nyumbani, tunajua hata mtungi hajauinamisha." Alisoma mpaka darasa la nne. Alipenda kusoma barua za watu wengine, kwa idhini yao, na bila idhini yao pia. Lusia anasema hivyo, si mimi.

Akaolewa na Fanueli, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Baba yake Fanueli ni Mzee Isakwisa. Lishikeni jina hilo. Mzee Isakwisa ndiye baba mkwe wa Tupokigwe.

Sasa kwa wale mnaotoka mbali, lazima niwaeleze mila moja. Kwa wenzetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe. Hasemi naye. Halitaji jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaacha njia, anajifunika nguo kichwani, anachuchumaa kwenye majani mpaka mzee apite. Nanyi wa Iringa msicheke. Na sisi Wahehe tunazo zetu, nikianza kuzitaja hapa mtazima redio. Ni heshima tu, na Tupokigwe aliishika vizuri kabisa. Miaka minane ya ndoa, alikuwa akisema, hakujua kama baba mkwe wake ana ndevu au hana.

Ikaja Septemba ya mwaka 1953. Kiangazi, upepo mkali, nyasi zimekauka. Kulikuwa na msiba mtaa wa chini, na kijiji chote kilikuwa kimekwenda kulia. Waliobaki ni wawili. Mzee Isakwisa, aliyekuwa amevunjika mguu akikata mianzi, mguu umefungwa vijiti, amelala ndani. Na Tupokigwe, mzazi wa wiki tatu, nyumbani kwake ng'ambo ya migomba, akinyonyesha Damari.

Ilikuwa mchana wa saa saba. Jiko la jirani lilirusha cheche. Nyumba ya Mzee Isakwisa, kuta za mianzi na paa la nyasi, ikashika moto. Tupokigwe akaona moshi. Akaita. Hakuna mtu. Akaita tena. Hakuna mtu. Akamlaza mtoto chini ya mgomba, akavua nguo ya begani akajifunika uso, akakimbia mpaka mlangoni. Pale mlangoni akageuka, akaingia kinyumenyume.

Nasema tena, maana hapa ndipo penye mambo yote. Aliingia kinyumenyume, uso umefunikwa, ili asimtazame baba mkwe hata ndani ya moto. Akafika kitandani, akachuchumaa, mgongo umeelekea kwa mzee. Akangoja. Na mzee akapanda mgongoni. Tupokigwe alisema hivyo siku ile, na alisema hivyo mpaka anakufa: "Sikumshika. Alipanda mwenyewe." Akatoka naye, shingo imeungua. Alibaki na kovu hapo shingoni.

Watu waliporudi kutoka msibani walimkuta mzee amekaa migombani, mzima, na nyumba imekuwa majivu. Basi, vigelegele! Wiki ile ile wimbo ukatungwa. Mwalimu akawafundisha watoto shuleni. Mzee wa kanisa, Bwana Anania, Jumapili akasimama mbele ya washarika akasema, "Mnamtafuta Msamaria Mwema kwenye kitabu, na yuko hapa kwenye benchi la tatu." Nasi wa redio tukaja na mashine zetu tukaurekodi wimbo. Nilikuwepo. Nilimpa mkono Tupokigwe, akaniuliza kama sauti yake itafika kwa dada yake Iringa, na je, Lusia ataweza kumjibu hapo hapo. Nilicheka sana.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Desemba ikanyesha mvua ya mawe. Maharage yakalala chini, migomba ikachanika, na ndama watatu wakafa. Hapo mtu mmoja akaanza kuuliza, kwa upole tu, kama mila haikuvunjwa. Wa pili akasema angalau angengoja watu. Na mwanzoni mwa mwaka 1954 maneno yalikuwa yamekwisha kugeuka kabisa. Wakasema mzee hakutaka kubebwa. Wakasema Tupokigwe alimkamata kwa nguvu, akamvuta, akamwaibisha mtu mzima mwenye wajukuu. Wimbo ule ule ukaimbwa kwenye pombe kwa maneno mengine, ambayo siwezi kuyasema hapa kwa sababu watoto wanasikiliza.

Mniambie sasa, wasikilizaji wapendwa, mvua ya mawe na mgongo wa mwanamke vinahusiana vipi? Nauliza kwa hasira, mnisamehe.

Na kanisa? Kanisa lilikuwa limefundisha miaka nenda rudi kwamba Mkristo haogopi mila hiyo. Lakini Bwana Anania, yule yule wa benchi la tatu, alimwendea Fanueli akamwomba mkewe asije mezani pa Bwana kwanza, mpaka mambo yatulie. Kwenye misiba akina mama wanapeleka ndizi zilizopikwa, kila mmoja chungu chake. Chungu cha Tupokigwe kilikuwa kinarudi nyumbani kimejaa. Siku ya kwanza alidhani watu wameshiba. Mara ya tatu alielewa, akakaa jikoni akalia.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumaliza maneno yale, naye ni Mzee Isakwisa. Wazee walikaa, wakamwuliza, "Ulipanda mwenyewe, au ulikamatwa?" Mzee Isakwisa akatazama chini. Hakusema alikamatwa. Hakusema alipanda. Alinyamaza, na kijiji kikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo jibu. Naye Tupokigwe hakuweza kwenda kumwambia, "Baba, sema kweli," maana kusema naye ni mwiko.

Mwaka 1955 Fanueli alipakia misumeno yake na familia yake kwenye lori la mizigo. Wakahamia Kihesa, alikoolewa Lusia. Huko Tupokigwe akaanza tena. Alilima mboga bondeni. Alijifunza Kihehe kibaya, akakisema kwa sauti kubwa bila haya. Jirani yake, Severina, mke wa Bartholomeo, anasema: "Tulikuwa tunamsahihisha, yeye anasema nyinyi ndio mnakosea. Kicheko chake kilikuwa kinatuamsha kuliko jogoo."

Lakini jambo lile lilikuwa linamla. Severina anasema walikuwa wakichambua mboga, na Tupokigwe anaweka mboga chini ghafla, anasema, "Mimi sitaki wimbo, Severina. Sitaki hata asante. Nataka baba yake Fanueli aseme alipanda mwenyewe. Basi." Alitaka neno hilo moja, wasikilizaji wapendwa. Tena alitaka lisemwe angali hai, Damari asije akakua akiambiwa mama yake hakuwa na adabu.

Sasa nafika kwenye ungamo langu.

Februari mwaka huu nilikwenda Rungwe na mashine ya kurekodi. Nilitaka habari za kahawa. Mzee Isakwisa akanijia mwenyewe, anachechemea, ana ndevu, tena nyeupe. Akaniuliza, "Kitu hiki kikisema Iringa, mimi naonekana?" Nikamwambia hapana, ni sauti tu. "Na mimi simwoni anayesikiliza?" Nikasema, humwoni. Akafikiri sana. Akasema, "Basi hapo sivunji kitu. Washa." Nikawasha. Akazungumza dakika tatu. Alipomaliza aliniuliza itatoka lini. Nikamwahidi Alhamisi kabla ya Pasaka. Akatuma habari kwa Fanueli: mwambie mkeo asikilize redio.

Alhamisi kabla ya Pasaka Tupokigwe alikwenda kwa Bartholomeo, mwenye redio ya betri. Alivaa nguo yake nzuri. Sikuirusha sauti ile. Kwa nini? Nilikuwa nimepata barua kutoka kwa wazee wa kijiji, na Bwana Anania ametia sahihi. Waliandika kwamba mambo yale yamekwisha, kwamba kuyafukua ni kuwavunjia watu heshima, na kwamba wimbo unatosha. Hakuna mkubwa wangu aliyenikataza. Nilikataa mimi. Napenda kupokelewa vizuri Rungwe, napenda kuitwa mtoto wetu na kupewa mkungu wa ndizi. Nikaiweka sauti ya mzee kabatini. Badala yake Alhamisi ile nikaupiga wimbo.

Severina ananiambia Tupokigwe alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akasema, "Labda wiki ijayo." Na wiki iliyofuata akarudi. Aprili, Mei, Juni, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Julai kifua kikaanza kumsumbua. Agosti Bartholomeo alikuwa anaibeba redio kumpelekea kitandani. Tarehe tisa Septemba alifariki, na ile sauti ilikuwa bado kabatini kwangu, imeandikwa jina juu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kwenye mazishi walikuja watu kutoka Rungwe, lori zima, wakiimba. Mnajua waliimba nini. Bwana Anania akasimama kaburini akasema, "Huyu tulikuwa naye bega kwa bega tangu siku ile ya moto." Akina mama waliokuwa wakikiruka chungu chake walilia kwa uchungu. Na nadhani walilia kweli, na hilo ndilo linalonisumbua. Hata mimi nililia.

Sikilizeni sasa. Huyu ni Mzee Isakwisa, Februari 1959.

"Mimi Isakwisa. Kiswahili changu kidogo, mnivumilie. Siku ile nimelala, mguu mbovu, moto umeshika juu. Nikaona mke wa mwanangu anaingia nyuma-nyuma, nguo usoni. Akachuchumaa. Nikamwambia, toka. Hakutoka. Nikamwambia, toka, ni mwiko. Hakujibu, maana hata kujibu mwiko. Anangoja tu. Nyasi za moto zinamwangukia shingoni, anangoja. Basi nikapanda. Mwenyewe nilipanda. Yeye hakunigusa, mikono yangu ndiyo ilimshika. Watu waliposema nimekamatwa, nikanyamaza. Niliona haya. Mzee mzima kusema, niliogopa kufa. Niliogopa. Haya, nimesema. Mwanangu Tupokigwe, nakutaja jina mbele ya watu. Ndaga fijo, asante sana. Ukija nyumbani, usizunguke migombani. Pita mbele ya mlango wangu. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale, siondoki."

Wasikilizaji wapendwa, natoa pole kwa Fanueli. Natoa pole kwa Lusia, kwa Severina na Bartholomeo, na kwa majirani wote wa Kihesa waliompenda bila wimbo. Damari, mtoto wangu, mama Lusia akikuambia uzime redio ukalale, mwambie subiri kidogo: umesikia babu amesema nini. Mama yako hakumkosea mtu. Mungu ampumzishe mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, leo kwenye mtaa wenu kuna mtu mnamsifu, na kuna mtu mnamnyamazia. Huenda ni mtu huyo huyo. Kama kuna neno unalodaiwa kumwambia, inuka ukamwambie kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilikuwa na miezi saba ya kulisema, nikaipoteza.

Natoa pole pia kwa Mzee Isakwisa. Alisafiri siku mbili na mguu ule kuja Kihesa. Hakukaa na wanaume. Alikwenda akasimama kichwani pa kaburi, uso wazi, akatazama mpaka udongo ulipokwisha. Kisha akanijia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kwamba amekosea kuhesabu siku: "Mwanangu, ulisema ni Alhamisi ipi?"

Ni hii, baba. Ni hii ya leo.