Mpira Ambao Kocha Ngollo Hataupiga

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Kocha Valentino Ngollo atastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Gofu ya Miyombo, hapa Tabora, kwa miaka thelathini na minne. Kamati iliniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, lakini ndugu zangu, mwaka huu umetuelemea.

Alianza akiwa kijana kutoka mtaa wa Ng'ambo, akifyeka nyasi na kumwagia oili mchanga unaozunguka mashimo, maana gofu yetu huku ni ya mchanga. Zile nyasi laini tunaziona kwenye televisheni tu. Baadaye akawa mbeba mikoba ya wachezaji, akapelekwa Arusha kusomea ukocha, akarudi na cheti pamoja na msimamo mmoja ambao hajauacha hadi leo: kwamba pigo huharibika kabla fimbo haijanyanyuliwa. Kwake yeye, kosa liko kwenye kusimama.

Na kusimama kwetu alikujua vizuri. Wengi wetu tumekulia kwenye jembe, kwa hiyo ukitupatia fimbo ya gofu tunaikunjia mgongo kama tunapalilia karanga. Kocha hakuchoka kutuambia kwamba hapa hakuna palizi. Alitufundisha kuinama kwa nyonga, makalio yarudi nyuma kidogo, kama mtu anayesukuma mlango kwa nyuma huku mikononi ameshika ndoo mbili. Miguu iachane upana wa mabega, magoti yalegee, uzito ukae katikati ya nyayo, mikono ining'inie yenyewe. Aliyegandisha kidevu kifuani alikumbushwa kuwa njia ya misafara ilipita jirani na uwanja huu, na kwamba mpagazi mwenye shingo ile angeangusha mzigo hata Ugogo hajaiona. Wakubwa kwa wadogo walitaniwa sawasawa. Mimi mwenyewe, karani wa klabu, nilijaribu siku moja, akasema nimesimama kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Mchezaji wetu Recheli Lugembe alikaa wiki nzima bila kuruhusiwa kugusa mpira, anasimama tu, na alinuna kweli kweli. Mwaka uliofuata alibeba kombe la wanawake kule Mwanza. Alipopiga simu, habari ya kwanza aliyompa Kocha haikuwa ya kombe, ilikuwa ya magoti yake, kwamba hayakukakamaa. Kocha alitembea na habari hiyo mwezi mzima.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika. Mwaka jana mkewe, Consolatha, ambaye sisi tulimwita Mama Elieth, alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Mama huyu hakuwahi kukanyaga uwanjani kwetu. Alisema kupiga kitu kidogo kisha kukifuata juani ni kazi ya watu walioshiba. Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoonyesha namna ya kumsimamisha, Kocha aliyaona mambo yake yale yale: nyayo, magoti, nyonga. Basi kila jioni, nyumbani kwao Cheyo, Mama alishika ukingo wa meza na mumewe akampanga kama anavyotupanga sisi. Asubuhi tulipewa taarifa. Jana kasimama. Jana kachoka, tumepumzika. Jana kagoma kuitwa mwanafunzi.

Kwetu ni desturi kwamba anayestaafu, siku yake ya mwisho, hupiga mpira wa kuaga kutoka shimo la kwanza, na mpira huo haufuatwi. Mama Elieth aliahidi kwamba siku hiyo atakuja, na atasimama kando ya mumewe kwa miguu yake, bila kiti. Kocha hakutaka zawadi nyingine yoyote. Klabu nzima tuliingojea siku hiyo kama tunangojea harusi ya nyumbani.

Alhamisi moja ya mwezi Agosti, Mama aliiachia meza akasimama mwenyewe. Kocha alikuja kazini na maandazi ya wote, akatusimulia huku anacheka mpaka akakohoa. Jumapili kiharusi kilirudi, na Mama hakufika hospitali. Tulimzika Jumanne. Kocha alirudi kazini wiki iliyofuata na anafundisha kama kawaida, ila asubuhi hana taarifa ya kutupa. Inauma sana.

Kamati ilipendekeza mpira wa kuaga ufutwe. Amekataa. Ameomba auweke mpira chini, ausimamie inavyotakiwa, kisha auache pale pale na kuondoka. Anasema pigo lile alishamwahidi mtu. Kwa hiyo, wageni wetu, tunawasihi msimhimize wala msimpigie makofi. Kaeni naye kimya mpaka atakapogeuka mwenyewe.

Siku inayofuata binti yake Elieth atamchukua kwenda Usinge, ambako ameshamwandalia chumba. Kocha Ngollo, asante kwa uvumilivu wako, kwa utani wako, na kwa kutotukatia tamaa hata sisi wa migongo migumu. Mungu akulinde huko uendako. Tunakutakia maisha mema, na tunajua ni jambo gumu tunalokuombea.

Theodora Ngassa
Karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote